Kijisanduku Chenye Mshale

Jumatatu, 3 Septemba 2018. Jeddah

Unga umekandwa. Nyama imekauka vizuri. Manda nimezichoma mwenyewe, za dukani sizitaki, zinapasuka kwenye mafuta. Madam Hanan ana wageni leo, na wageni wanakuja huku mtaani kwetu Al-Hamra kwa sambusa zangu, si kwa sura yake. Analijua hilo. Nikilisema hununa, kwa hiyo naliandika hapa.

Mwanaidi amepiga simu nikiwa nakunja. Nimeiegemeza kwenye debe la mchele, mikono inakunja, masikio yako Riyadh. Anaingia mwezi wa tatu kwenye ile ofisi ya programu za kompyuta, mtaa wa Al-Murabba. Binti yangu huyo. Wa kwanza kupata digrii kwenye ukoo mzima, upande wangu na upande wa marehemu babake. Mimi niliishia darasa la saba kule Majengo, Mombasa, na cheti chenyewe kililiwa na mchwa. Chake nimekitia fremu.

Kazi yake ni kutengeneza fomu. Si za karatasi, za kwenye kompyuta. Kuna kijisanduku, pembeni kimshale. Ukikibonyeza maneno yanashuka, unachagua moja, yanapanda tena. Yeye anaita orodha kunjuzi. Mimi naita kijisanduku chenye mshale.

Nimemsimulia Mutua, dereva wetu, Mkamba wa Machakos. Akasema hata simu yake inavyo vijisanduku hivyo. Nikamwuliza ni nani anaviweka humo, malaika? Sambusa hakuiona mpaka wageni wote walipoondoka.

Jumatano, 5 Septemba

Leo nimefundishwa. Vijisanduku ni vya aina mbili. Aina ya kwanza unachagua, na usipoona unachotaka unaandika chako mwenyewe. Aina ya pili unachagua tu, hata ukipiga vidole mpaka viume haiandiki kitu. Kutoka aina moja hadi nyingine ni mpangilio mmoja, anaugeuza mara moja.

Nimeelewa upesi. Aina ya pili ni kama madam anapowauliza wageni: chai au kahawa? Hakuna mgeni atakayeomba maji ya ndimu.

Tena kuna kijisanduku kinachomtii mwenzake. Ukichagua nchi kwenye cha kwanza, cha pili kinaleta miji ya nchi hiyo tu. Chagua Tanzania, Mombasa huioni. Kuvifunga hivyo pamoja ndiyo kazi ya Mwanaidi. Na kwa vile fomu ni za Kiarabu, kila kitu kimegeuka. Maneno yanaanzia kulia, mshale uko kushoto.

Kubwa zaidi, sikulijua mpaka leo. Mwenye kuagiza programu ni Baba Talal, kaka yake madam, mwenye ofisi ya kuleta wafanyakazi. Ofisi ile ile iliyonileta mimi. Miaka kumi na moja nyuma walinipokea na begi moja, leo fomu zao zinatengenezwa na mwanangu. Nimecheka peke yangu jikoni mpaka madam akaja kuuliza kuna nini. Mafi, nikamwambia. Hakuna kitu.

Jumapili, 9 Septemba

Simcheki mtu leo.

Mwanaidi amepewa maagizo na bosi wake, mhandisi Nabil. Kijisanduku cha kwanza ni nchi ya mfanyakazi. Cha pili ni kazi. Ukichagua nchi nyingine, kazi zinashuka orodha ndefu: muuguzi, mhasibu, fundi umeme, mshonaji, mpishi, mwalimu. Ukichagua Kenya zishuke nne. Kazi za ndani, dereva, mlinzi, usafi. Tanzania hivyo hivyo. Uganda hivyo hivyo. Na kiwe kile cha kuchagua tu, kuandika hapana.

Amemwuliza kwa nini. Nabil amesema mteja ndivyo anavyotaka, ili makarani wasikosee. Mwanaidi akamwuliza, na mimi je? Wewe ni tofauti, akamwambia.

Hilo la tofauti limeniuma kuliko zile nne.

Na Nabil huyo huyo ndiye anayesaini mwisho wa miezi yake mitatu ya majaribio kazini. Asiposaini, halas, Mwanaidi anarudi nyumbani. Nimemwambia asikifunge. Yeye ameniambia nisimwambie mtu yeyote. Nimesema sawa.

Jumatatu, 10 Septemba

Nimemwambia madam.

Alianza yeye. Amekaa kwenye stuli ya jikoni, anamsifu mpwa wake anayesomea udaktari wa meno, meno hivi, chuo hivi, mpaka kitunguu kikaungua. Nitavumilia vipi? Nikamwambia wangu mimi ameshamaliza kusoma. Wangu ndiye anayetengeneza programu ya kaka yako. Na wangu hataki kuwafungia watu wetu kwenye kazi nne.

Madam ameweka kikombe chini. Amechukua simu na kupanda juu.

Hapo nikajua mdomo wangu umefika nisikokusudia.

Alhamisi, 13 Septemba

Mwanaidi amenifokea, na sauti yake ikifoka ni ya babake mtupu. Baba Talal amempigia Nabil: mambo ya ofisi yangu yanafikaje jikoni kwa dada yangu? Nabil amemwita Mwanaidi mbele ya wenzake. Amemwambia ataionyesha programu kwa Baba Talal yeye mwenyewe, Jumanne ya tarehe ishirini na tano, na kijisanduku kimefungwa kama kilivyoagizwa. Akikaidi, Nabil hasaini.

Nimelia kidogo juu ya vitunguu, nikavisingizia vitunguu.

Lakini aibu sioni. Kumsifu mtoto niliyemzaa si kosa. Wanaume wa nyumba hii wanasifu magari siku nzima.

Jumanne, 18 Septemba. Riyadh

Tumefika. Binti yake Baba Talal anaolewa wiki ijayo, na madam amesema bila mimi hakuna harusi. Maneno yake hayo, siyaongezi. Yeye kaja kwa ndege. Mimi, masufuria na Mutua tumekuja kwa gari. Jangwa, jangwa, kituo cha mafuta, jangwa.

Njiani Mutua amenipa nasaha. Mama Mwanaidi, hii nchi mtu anafunga mdomo ndiyo apate kula. Nikamjibu kwamba kula kwa nyumba ile kunatoka mikononi mwangu, asinifundishe. Roho yake haiko sawa siku hizi. Tangu wanawake waruhusiwe kuendesha na madam apate leseni, anaogopa kurudishwa Machakos. Namwambia asiogope, madam anajua kuendesha, kuegesha hajui.

Kisha akaniambia kwao alikuwa fundi wa redio. Na televisheni. Watu walikuwa wanamletea kutoka hata mji wa Wote. Akauliza, kwenye hiyo orodha ya mtoto, fundi yupo?

Kwa nchi nyingine yupo, nikamwambia. Kwa Kenya hayupo.

Akaongeza mwendo.

Ijumaa, 21 Septemba

Madam amenipa ruhusa ya mchana. Mutua amenishusha Al-Murabba. Chumba cha Mwanaidi ni kidogo lakini kimepangwa kama moyo wangu unavyotaka, kanga yangu ya zamani ndiyo pazia. Nimempelekea mahamri na mbaazi za nazi. Amenikumbatia kabla hajayaona, kwa hiyo hasira zimekwisha.

Akafungua laptopu nijaribu. Nimeandika jina langu, kidole kimoja kimoja. Nimebonyeza mshale, nchi zikashuka kama ngazi. Nikachagua Kenya. Nikagusa kale kagurudumu ka kipanya nikitaka kuteremsha ukurasa, mara nimekuwa raia wa nchi nyingine kabisa. Mwanaidi kacheka mpaka kakaa chini. Ameniambia hata makarani wataangukia hapo hapo, atazuia kagurudumu kasiguse kijisanduku. Mimi ndiye niliyegundua hilo. Naliandika kwa sababu ni kweli.

Kuhusu kijisanduku cha kazi hakunionyesha. Nimemwuliza, umekifunga? Akaniambia, kula, Mama, mbaazi zinapoa. Simjui mtoto anayenificha. Nimemwambia akikiacha wazi niko naye, wakitufukuza tutafukuzwa pamoja, na biashara ya sambusa Mombasa bado ipo. Akanishika mkono akasema mimi sifukuzwi, anayepika harusi hafukuzwi.

Jumanne, 25 Septemba

Nitaandika yote kwa utaratibu, maana haya wajukuu watayasoma.

Kwa sababu ya harusi, Baba Talal haendi ofisini. Wamekuja kuionyesha hapa hapa nyumbani kwake, kwenye chumba chake cha vitabu. Kahawa hupelekwa na mtu mwingine siku zote. Leo madam amekuja jikoni, kanitazama kwa muda, kaniambia: "Kahawa peleka wewe. Na sambusa."

Nimebadilisha mtandio. Nimeingia na sinia.

Baba Talal kakaa kwenye kiti kikubwa. Nabil kasimama nyuma, jasho limemtoka na kiyoyozi kinavuma. Mwanaidi yuko mezani, abaya nyeusi, mgongo wima. Hakunitazama. Akaonyesha hiki na kile. Herufi ya kwanza ukiiandika jina linajitokeza lenyewe. Kagurudumu hakaharibu tena kitu. Baba Talal akawa anatikisa kichwa, amependa. Akachukua sambusa. Akasema, haya, ingiza mtu mmoja, yeyote.

Mwanangu akaandika jina lake mwenyewe. Mwanaidi. Nchi, Kenya. Akabonyeza mshale wa kazi.

Zikashuka nne.

Wallahi, nne. Alikuwa amekifunga kama walivyotaka. Nikasema moyoni, basi, wamemshinda.

Kisha akatoa mkono kwenye kipanya. Akaukunja na mwenzake mapajani. Akakaa.

Nabil akasema kwa sauti ya chini, yalla, haya. Hakusogea. Baba Talal akamwambia achague kazi za ndani tuendelee, ni mfano tu.

"Sichagui, bosi," akasema. "Kazi yangu haimo."

Hakupaza sauti. Kiarabu chake kisafi kuliko changu.

Baba Talal akacheka. Si kwa ubaya, kwa mazoea. Akaniona pale na sinia, akakumbuka maneno ya dada yake. Akaniuliza, huyu ndiye binti yako? Nikajibu ndiye. Akamgeukia Mwanaidi na sambusa yangu shavuni.

"Basi chagua ya mama yako."

"Ya mama pia haimo. Mama ni mpishi."

Akaendelea kutafuna. Polepole. Nilikuwa nimesimama karibu, niliona shavu linavyokwenda halafu linasimama.

Mwanaidi akabonyeza kuhifadhi bila kuchagua. Programu ikakataa, aliitengeneza ikatae. Likatokea neno jekundu juu ya kioo, CHAGUA KAZI. Akaliacha pale. Hakuliondoa. Sote tukawa tunalitazama, mimi, bosi, bosi wa bosi, na lile birika la kahawa linatoa moshi.

Baba Talal akasema halas, imetosha, leo kuna wageni. Nabil akafunga laptopu upesi kama mtu anayefunika sufuria inayomwagika. Mwanaidi alipopita mbele yangu akachukua sambusa moja kwenye sinia. Akaila akitembea.

Jumatano, 26 Septemba

Vitunguu tangu alfajiri. Mbuzi kumi na wawili.

Kisu kinakwenda mbio. Si woga. Ni fahari, imekosa pa kutokea.

Madam kaniongezea msaidizi.

Alhamisi, 27 Septemba

Harusi imekwenda. Watu wamekula mpaka wakawa wanaulizana mpishi katoka wapi. Kenya, nimesikia madam akiwaambia. Amenitoa jikoni na aproni yangu, kanisimamisha mbele ya wanawake wa Riyadh. Mpishi wangu, kasema.

Saa hiyo hiyo nikaona ujumbe wa Mwanaidi. Nabil hajasaini. Sababu aliyoiandika ni kwamba hafai kukaa mbele ya wateja.

Nimeusoma mara mbili. Nikarudi kugawa wali wa birinzi.

Jumamosi, 6 Oktoba. Jeddah

Mwanaidi amekuja na basi, ametufanyia umra mimi na babake, leo ameruka kwenda Mombasa. Mutua ametupeleka uwanjani. Amekataa kushuka kwenye gari na miwani ya jua kaivaa ndani ya maegesho yenye giza.

Nilimwuliza Mwanaidi kama ana majuto, maana mama lazima aulize. Akasema hana. Amewakabidhi kila kitu kama walivyoagiza, kimefungwa, kazi safi. Na pale ndani, mahali ambapo ni mtu wa programu pekee anayeweza kupasoma, amewaandikia namna ya kukifungua. Ufute mstari mmoja tu. Nani ataufuta, nikamwuliza. Akasema, hilo wataamua wao, Mama, mimi nimewaachia mlango.

Nimemfungia sambusa za njiani. Nimemwambia asilie. Aliyelia ni mimi, na kwa sauti, watu wakageuka. Wageuke. Anayeondoka ni binti yangu, hajafukuzwa na mtu, alikataa kuchagua.

Madam ameniuliza mezani amefika salama? Nikamwambia amefika, na mtu wa tatu anamwita kwa kazi Mombasa. Ukweli ni mtu wa kwanza. Lakini watafika watatu.

Jumatano, 14 Novemba

Mkataba wangu umeisha, umefanywa upya leo. Tawi la ofisi ya Baba Talal liko Balad, nyuma ya yale majumba ya zamani ya mawe ya baharini. Madam ameendesha mwenyewe. Mutua kakaa kando yake, mkono kwenye mlango, midomo inasoma kitu. Tulipofika madam akamwachia gari aliegeshe. Nilisema, kuegesha hajui.

Karani ni kijana wa Kihijazi, hanijui. Kioo kipya, programu mpya. Nimeitambua kabla hajaketi vizuri. Mshale kushoto.

Akaandika jina langu. Nchi, akaiteremsha mpaka Kenya. Nikashika ukingo wa meza. Akabonyeza mshale wa kazi.

Ikashuka. Ikashuka. Ikashuka mpaka chini ya kioo, ikabidi aisogeze. Dereva, fundi redio, mhasibu, mlinzi, muuguzi. Sikumaliza kuisoma, macho yalikuwa na maji. Sijui ni nani aliyefuta ule mstari. Huenda ni Nabil usiku mmoja dhamiri ilipomwasha. Huenda ni Baba Talal, kwa amri. Nimemtazama madam, yeye akawa anatafuta kitu kwenye mkoba wake. Sikumwuliza.

Karani akaniuliza kazi gani, Mama.

Mpishi, nikamwambia. Akaiteua. Karatasi ikatoka. Kwenye ikama, kitambulisho changu cha ukaazi, najua bado patasomeka kazi za ndani kama zamani, hilo si la ofisi yao. Lakini hii karatasi ni ya kwanza.

Nimeipiga picha, nimemtumia Mwanaidi. Hajajibu bado, atakuwa kazini.

Nimerudi, nimekanda unga. Umetulia chini ya kitambaa.